Kuhesabu Damu ya Ndugu

Macho Manne alikuwa hajafunga hata vifungo vya koti lake jeupe la kazini, na tayari simu ilikuwa imelia mara mbili. Kwanza alipiga mama yake, akitaka kujua kama kuna habari. Habari gani saa hizo? Halafu akapiga mdogo wake, aliyelazwa wodini, ghorofa mbili juu ya maabara.

"Kaka, wameshanitoa damu. Iko njiani inakuja kwako. Leo nihesabie vizuri."

"Sikuhesabii mimi. Unajua hilo."

"Najua. Lakini si mnakaa chumba kimoja? Mkonyeze huyo anayehesabu."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi cha watu wasiotaka kusikia mwenzao anapumua vipi. Kisha mdogo mtu akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo.

Jina la Macho Manne alipewa kazini kwa sababu ya miwani yake minene kama kitako cha glasi. Wenzake walimtania kwamba amenyimwa macho halafu akapewa kazi ya kuchungulia. Na kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kuchungulia damu za watu na kuhesabu chembe nyeupe, zile zinazoulinda mwili na maradhi. Alikuwa ameifanya miaka mingi na aliipenda. Hakuwahi kuiogopa mpaka mdogo wake alipougua.

Mdogo wake alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ndogo, viti vitatu na kioo kirefu, na mdomo usiochoka. Ilianza kwa uchovu na mabaka meusi mapajani. Watu wakadhani amejigonga. Kumbe ilikuwa saratani ya damu. Sasa alikuwa katikati ya matibabu, kichwa cheupe pe. "Msusi mwenye kipara," alikuwa akiwaambia wauguzi, "nani atanipa kichwa chake?"

Dawa aliyokuwa akitundikiwa ilikuwa kali. Iliua ugonjwa, na ilipomaliza huko ikawageukia askari wa mwili nao ikawafyeka. Kwa hiyo kila baada ya dozi ilibidi kungoja askari waote upya, hasa wale wanaoitwa nyutrofili, ambao ndio wa kwanza kukimbilia vidudu. Daktari alitaka wafike elfu moja katika kila tone dogo la kipimo ndipo atoe dozi nyingine. Akitoa kabla, homa ya kawaida tu inaweza kumaliza mtu. Akichelewa sana, saratani nayo haikai bure. Inajikusanya upya huko mifupani. Dozi ya mdogo wake ilikuwa imeshaahirishwa, ikaahirishwa tena. Leo ndiyo walikuwa wakiombea isiahirishwe mara ya tatu.

Mkuu wa maabara alikuwa mama mmoja mnene, mtaratibu, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, hata mkurugenzi. Siku ile mdogo wake Macho Manne alipolazwa, Bi Mkubwa alimwita pembeni akamwambia, "Baba, pole sana. Na kuanzia leo kichupa chake hukigusi. Mganga hajigangi." Macho Manne aliitikia kwa moyo mmoja. Hakuona ugumu wowote katika hilo.

Ugumu ulikuja asubuhi hii. Mwenzao wa tatu alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Bi Mkubwa alikuwa ameteremka stoo kugombana na mafundi wa umeme, maana friji ya dawa za maabara ilikuwa imezimika tangu usiku. Ndipo kichupa cha mdogo wake, chenye kizibo cha zambarau, kilipoletwa, na mara simu ya mezani ikalia.

"Nataka majibu ya kile kitanda cha dirishani," alisema daktari. "Dawa inachanganywa asubuhi tu. Nikikosa majibu mapema, leo imepita."

"Sawa, daktari. Tunafanya."

Alisema "tunafanya," lakini alikuwa peke yake.

Akakiweka kichupa kwenye mashine. Mashine ilikinyonya, ikaguna, ikatoa jibu: chembe nyeupe zote kwa jumla, elfu moja na mia tisa. Moyo ukampiga. Siyo mbaya! Ila pale panapotakiwa kuonyesha mgawanyo, ngapi ni nyutrofili na ngapi ni aina nyingine, mashine ilipanga nyota tupu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikisema "hapa sielewi." Chembe zikiwa chache na changa, mashine huchanganyikiwa, na hapo lazima jicho la binadamu lihesabu.

Akatazama mlango. Bi Mkubwa haonekani. Akatazama simu. Halafu akajiambia maneno ambayo kila anayevunja sharti hujiambia: mara hii tu.

Akadondosha tone la damu kwenye slaidi, kipande chembamba cha kioo, akalisukuma kwa ukingo wa kioo kingine, likatandazika vizuri kama ulimi. Akaliacha likauke, akalitia rangi, akaliosha, akalikausha. Mikono yake haikutetemeka. Aliona fahari kidogo kwa hilo. Akaweka tone la mafuta, akashusha lenzi ya hadubini, akainama.

Ziko wapi? Chembe nyekundu zilijaa kila mahali kama dengu zilizomwagika, lakini nyeupe zilikuwa za kutafuta. Hii hapa moja, duara, kiini cheusi kimeijaza yote: siyo yenyewe. Hii nyingine, kiini kimekatikakatika kama shanga tatu kwenye uzi: nyutrofili! Akabonyeza kitufe cha kihesabio. Nyingine kubwa, kiini kimejipinda kama kiatu cha farasi. Hii je? Inaweza kuwa nyutrofili changa. Inaweza kuwa jamaa yake mwingine anayefanana naye. Akaitazama kwa muda. Akabonyeza kitufe cha nyutrofili.

Aliendelea hivyo, akisogeza kioo, akibonyeza, mpaka kikengele cha kihesabio kikalia kuashiria mia moja. Nyutrofili hamsini na saba. Akafanya hesabu kichwani, kisha kwa kalamu, kisha kwa kikokotoo kana kwamba kikokotoo kingebadilisha neno: elfu moja na themanini na tatu.

Imepita!

Alitamani kupiga simu wodini palepale. Lakini jibu la namna hiyo lilihitaji macho ya watu wawili, na wa pili ndiyo kwanza alikuwa akiingia mlangoni akijifuta jasho.

"Wale mafundi," Bi Mkubwa alisema, "ukiwauliza friji wanakujibu habari za nguzo." Kisha akaiona slaidi kwenye hadubini na uso wa mtu aliyekaa mbele yake. "Ya nani hiyo?"

Macho Manne akanyanyua kichupa, akamwonyesha jina.

Bi Mkubwa hakupandisha sauti. Alimwashiria anyanyuke, akakaa, akavuta kiti karibu na kuhesabu. Macho Manne alisimama nyuma yake akisikia vitufe: tik, tik, tik. Alijaribu kutambua kwa sauti ni kitufe kipi. Kikengele kililia.

"Umepata ngapi?" Bi Mkubwa akauliza bila kugeuka.

"Hamsini na saba."

"Mimi arubaini na nne."

Arubaini na nne ilikuwa mia nane na thelathini na kitu. Chini ya mstari.

"Bi Mkubwa, mia moja ni chache," Macho Manne alianza haraka. "Wewe mwenyewe ulitufundisha. Ukihesabu mia, jibu linaweza kuyumba kumi huku au kumi kule, bahati tu ya chembe zilizokaa njiani. Yangu inaweza kuwa sahihi."

"Inaweza."

"Basi tuchukue yangu."

"Kwa sababu ni sahihi, au kwa sababu imepita elfu?" Bi Mkubwa akavua miwani yake akaifuta kwa pindo la koti. "Sikiliza, baba. Sisemi unadanganya. Ungekuwa unadanganya ningekufukuza, tukamaliza. Tatizo lako ni gumu kuliko hilo."

Simu ya mezani ikalia. Bi Mkubwa akainua, akasema, "Bado, daktari. Hesabu ya mwenzangu imepita, yangu haijapita. Utapata, lakini utapata lililo kweli," akairudisha mahali pake. Wakati huohuo simu ya mfukoni mwa Macho Manne ikatetemeka. Mama. Akatoka kidogo koridoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eti wanasema majibu hayajapanda. Kuna nini?"

"Tunarudia kuhesabu, mama. Ni jambo la kawaida."

"Mnarudia nini?" Sauti ya mama ikashuka kama mtu anayeficha siri kwa majirani. "Mwanangu, si wewe mwenyewe ndiye unayeandika? Andika basi. Mtoto anakonda kwa kungoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Akasema atampigia, akakata. Akasimama koridoni muda mrefu akiutazama ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno. Ukweli ni kwamba mama hakumwambia jambo geni. Lilikuwa limeshapita kichwani mwake mwenyewe.

Aliporudi ndani, Bi Mkubwa alikuwa amepanga slaidi sita juu ya meza. Alikuwa ametoa damu kwenye vichupa vya wagonjwa mbalimbali wa asubuhi ile waliokuwa na chembe chache, akazitandaza upya, na namba zote amezifunika kwa plasta.

"Ya mdogo wako imo," alisema. "Nyingine ni za watu wengine. Hesabu zote. Mimi nitaandika."

"Daktari anangoja."

"Tunafanya haraka. Kaa."

Akakaa. Slaidi ya kwanza ilikuwa rahisi, akaimaliza. Ya pili vilevile. Ya tatu alipoiweka tu, akahisi nywele za shingoni zikimsimama: chembe zilikuwa adimu, rangi imekaa hafifu kidogo, na zile kubwa zenye kiini cha kiatu cha farasi zilikuwemo. Ni yeye, alijiambia. Ni yeye huyu! Akainama zaidi. Akahesabu polepole, kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akiipa kila chembe nafasi yake, akijikumbusha asiipendelee hata moja. Kikengele kilipolia alikuwa na hamsini na tisa.

"Hamsini na tisa," alisema, na sauti ikamtoka kwa ushindi.

Bi Mkubwa akaandika. Ya nne, ya tano na ya sita alizihesabu kwa moyo mwepesi, kama mtu anayefagia uwanja baada ya wageni kuondoka.

"Ya tatu ndiyo yake," alisema alipomaliza. "Si umeona?"

Bi Mkubwa akabandua plasta ya slaidi ya tatu, akamsogezea. Macho Manne akasoma namba. Akaisoma tena. Ilikuwa ya mzee mmoja wa wodi ya upasuaji, ambaye hakuwahi hata kumtia machoni.

"Yake ni ya tano," alisema Bi Mkubwa. "Umepata arubaini na tano."

Mashine ilikuwa ikijisafisha kwenye kona. Macho Manne alihisi masikio yakiwaka. Aliichukua slaidi ya tano, akaishika kwenye mwanga, lile doa la ulimi la zambarau, akajaribu kukumbuka alikuwa akifikiri nini alipokuwa akiihesabu. Hakukumbuka. Alikuwa akifikiri chai.

"Yule mzee nilishamhesabu mara mbili kabla sijateremka stoo," Bi Mkubwa akaendelea taratibu. "Ana arubaini na mbili. Unataka kujua imekuwaje? Mimi sikuwa naangalia hesabu yako. Nilikuwa naangalia mkono. Slaidi zote unatembea katikati, vizuri, unakwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Hii ya tatu ukaanza katikati, halafu kidogo kidogo ukahamia ukingoni."

Hakuhitaji kumweleza zaidi. Kila aliyefanya kazi ile alijua: unapoisukuma damu juu ya kioo, chembe kubwa, nyutrofili zikiwemo, husombwa mpaka ukingoni zikajazana huko. Anayehesabu ukingoni lazima atapata nyingi. Na zile zenye shaka, za kiatu cha farasi, bila shaka alikuwa amezipa zote jina alilolitaka. Mkono ulikwenda wenyewe kule moyo ulikotaka. Kilichomtisha hasa ni kwamba hakuusikia ukienda. Angeapa, angeweka mkono juu ya kitabu chochote, kwamba amehesabu kwa haki.

"Mchelea mwana kulia," alisema Bi Mkubwa, na hakumalizia methali. Akainua simu, akampa daktari jibu: mia nane na thelathini na sita, zimehesabiwa zaidi ya mara moja. Alimsikiliza daktari, akasema, "Ndiyo. Nami nasikitika," akaiweka.

Kisha akamgeukia. "Uliyoyafanya asubuhi nitayaandika kwa mkuu wangu. Lazima. Sasa panda juu. Ni afadhali asikie kwako."

Macho Manne alipanda ngazi, hakutaka lifti. Wodini alivaa barakoa, akanawa mikono, akasimama mlangoni mwa chumba cha mdogo wake. Huyu alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cha maua kichwani, mkono umenyooshwa juu ya mto tayari kwa dripu. Alipomwona kaka yake akaurudisha mkono polepole, akauficha chini ya shuka.

"Usinizungushe," alisema.

"Hawajafika. Mia nane na kitu."

"Mbona muuguzi aliniambia wewe umesema imepita? Alisikia daktari akisema labda imepita."

Kwa hiyo habari ilikuwa imevuja. Macho Manne akavuta kiti akakaa. Alimweleza yote: sharti alilovunja, slaidi sita, mzee wa wodi ya upasuaji, mkono uliokwenda ukingoni. Alisema macho yakiwa sakafuni. Alipomaliza alidhani mdogo wake analia. Alipoinua uso akamkuta anamtazama kwa hasira ambayo hakuwahi kuiona tangu utotoni.

"Kwa hiyo ungeniua."

"Ndiyo. Labda. Sijui."

"Kwa kunipenda."

Mdogo wake akageukia dirishani. Nje kulikuwa na paa la bati na matangi ya maji. Baada ya muda mabega yake yakaanza kutikisika, na Macho Manne akanyanyuka kwa hofu, kumbe ni kicheko, kicheko cha ajabu chenye machozi ndani yake.

"Yaani mpaka umempa babu wa watu askari wangu," alisema. "Kaka, wewe! Si wangempasua wakidhani ana jeshi!"

Naye akacheka, na alipoanza hakuweza kuacha, mpaka muuguzi akachungulia. Lakini alipotaka kuondoka, mdogo wake alimshika mkono wa koti, uso umebadilika. "Naogopa," alisema. "Kila wakiahirisha nasikia kama ugonjwa unanicheka huko ndani. Na ningepewa dawa leo ningeogopa pia."

"Hata mimi," akasema Macho Manne, na hilo ndilo neno pekee la maana alilolipata.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama yao alihamia benchi la nje ya wodi akiwa na chupa ya chai na shali, na kwa siku mbili hakumsemesha mwanawe wa kiume ila kwa salamu. Siku moja jioni joto la mgonjwa likapanda ghafla. Wakakimbizana na vichupa, wakamtundikia dawa ya vidudu, na Macho Manne akakaa chini ya ngazi akihesabu pumzi zake mwenyewe kwa kukosa kingine cha kuhesabu. Asubuhi joto likashuka. Kama angekuwa ameshapewa ile dozi ingekuwaje, hakuna ajuaye. Daktari mwenyewe alipoulizwa na mama, aliinua mabega tu, akasema, "Tushukuru hatukulazimika kujua." Kuanzia hapo mama akaanza kumwekea mwanawe kikombe.

Barua ya onyo ilimfikia kazini. Alitia sahihi, akaichukua nakala yake, na hakumlaumu mtu.

Damu ilipotolewa tena, Bi Mkubwa alimwonyesha mlango hata kabla kichupa hakijafika. "Toka. Nenda kakae na watu." Mwenzao wa tatu alikuwa ameombwa aje kwa asubuhi moja, mtoto wake amelala kwenye kikapu ofisini, ili yawe macho ya watu wawili, wote watu baki.

Basi Macho Manne akakaa kwenye benchi la mbele ya dirisha la majibu, upande ambao hakuwahi kukaa. Kulikuwa na mwanamume mwenye bandeji shingoni, na mama mmoja aliyekuwa akisali kwa midomo bila sauti. Aligundua kwamba ukikaa pale, kile kioo cha dirisha hakikuonyeshi chochote ndani. Unaona uso wako tu na taa ya dari. Aligundua pia kwamba kila kivuli kikipita nyuma ya kioo watu wote huinua vichwa kwa pamoja. Miaka yote ile yeye ndiye alikuwa kivuli, akipita na kikombe chake cha chai, akipiga stori.

"Majibu yako yana muda gani humo?" akamwuliza mwenye bandeji.

"Sijui, bwana. Humu ndani wanajua wao wenyewe."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Alimwona Bi Mkubwa akitoka kwa mlango wa pembeni na kupita mbele yake kwenda kwenye ngazi, uso mkavu kama ukuta, wala hakumtazama. Macho Manne hakumwuliza. Alitaka kuuliza kiasi kwamba alishika benchi kwa mikono miwili.

Simu ilipolia hakuona vizuri jina lililoandikwa, kwa sababu miwani ilikuwa mkononi.

"Kaka," mdogo wake alisema. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya magurudumu ya chuma na ya mama anayemshukuru Mungu kwa sauti kubwa. "Elfu moja na mia nne. Wananitundikia sasa hivi. Uko wapi wewe?"

"Huku chini," akasema, akijifunika uso kwa kiganja. Yule mama aliyekuwa akisali akamgeukia, akamsogelea kwenye benchi, asimwulize kitu.

Dozi hiyo ilimlaza mdogo wake vibaya, na iliyofuata pia. Lakini alizimaliza zote, na mwisho daktari akasema kwenye mifupa haonekani adui tena, ila awe anarudi kupimwa. Alifungua saluni yake, kwanza nusu siku, kisha siku nzima. Kila anaporudi kupimwa, Macho Manne humpeleka hadi kwenye kiti cha kutolea damu, halafu anavua koti jeupe, analiacha kwenye msumari, anatoka nje kumngoja mpaka jibu litoke.